Vivuli Vinavyofanana



Mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Bwana Godfrey Hounsfield, ambayo siku hizi huitwa sitiskani. Tangu hapo tabibu aweza kuutazama ubongo bila ya kulifungua fuvu. Lakini kuona si kujua, na hilo ndilo la kuzingatiwa leo.

Saratani ya mapafu ni miongoni mwa saratani zinazohamia ubongoni mara nyingi. Chembe zake hubanduka pafuni, zikachukuliwa na damu, zikatua kichwani. Katika picha, kwa kawaida huonekana madoa ya mviringo yaliyozungukwa na uvimbe. Lakini mara nyingine huja kwa sura ngeni. Huweza kuwa mfuko mmoja wenye maji ndani. Huweza kuwa vidoa vidogo vilivyotapakaa mfano wa punje za ulezi. Huweza kuvuja damu, ikadhaniwa kiharusi. Au kutambaa juu ya utando wa ubongo, ikadhaniwa homa ya uti wa mgongo.

Hapo ndipo ulipo mtego. Kifua kikuu nacho huanza pafuni, kikapanda ubongoni, kikatoa punje kama hizo. Tegu wa nguruwe naye huweka vifuko ubongoni. Wala Mwislamu asiseme kuwa hayamhusu kwa kuwa hali nyama hiyo, maana mayai ya tegu huingia kwa maji na mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Basi kivuli kimoja huweza kuwa cha maradhi matatu.

Na kukosea kuna gharama. Saratani ikitibiwa kama kifua kikuu, miezi hupotea bure. Kifua kikuu kikidhaniwa saratani, mtu wa kupona hurudishwa nyumbani kungoja mauti.

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yamekusanya Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Mgonjwa wa huko apelekwapo Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, huenda habari zake zikapita katika ndimi mbili tatu kabla ya kumfikia daktari. Yapoteayo njiani ndiyo yenye thamani: kikohozi cha miezi, makohozi yenye damu, kukonda, tumbaku ya ujanani, dawa zilizokwisha kumezwa. Hayo ndiyo yamwongozayo tabibu apime makohozi, apige picha ya kifua, au achukue kipande cha nyama kitazamwe kwa darubini. Kwani saratani huthibitishwa kwa chembe, si kwa kivuli.

Basi wajibu wa jamaa ni huu. Wasiifiche habari ya tumbaku kwa haya. Wazihifadhi picha na karatasi za zamani. Na ajuaye lugha amsindikize asiyeijua. Tena, kichwa kinachouma kwa kuzidi, kutapika, kifafa kinachomwanza mtu mzima, au udhaifu wa upande mmoja, visisubiriwe wala visihesabiwe kuwa ni jini.

Kumzuru mgonjwa ni jambo jema. Kuifikisha habari yake kamili kwa tabibu ni jema zaidi, maana huenda ndiyo ikamwokoa.

Wabillahi tawfiq.