SOMO LA HESABU: KIPIMA JOTO NACHO HUPIMWA

Kila mmoja ashike kalamu na daftari, maana leo tutatoa, tutazidisha na tutagawanya. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni namba hizi tatu: 98, 173 na 38. Tutazitumia baadaye.

Tuseme yupo mfugaji wa kuku, jina lake Mama Mwajuma. Ametengeneza sanduku la kutotolesha mayai, nalo hutiwa joto kwa taa. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21. Joto linalofaa ni digrii 37.5 hivi za sentigredi. Joto likikaa kwenye digrii 41, vifaranga hufia ndani ya gamba.

Taa hiyo huwashwa na kuzimwa na kompyuta ndogo sana iitwayo maikrokontrola. Kompyuta hii haihisi joto. Hupima umeme tu. Kwa hiyo imefungiwa kihisi joto, kidude chenye miguu mitatu, cha aina ya TMP36. Joto likiwa digrii 0, kihisi hiki hutoa milivolti 500. Joto likipanda digrii 1, huongeza milivolti 10. Kompyuta nayo huugawa umeme inaopewa katika vipande 1,024, kisha huhesabu ni vipande vingapi vinavyotoka kwenye kihisi.

Je, kosa linaingia wapi? Programu iliyo ndani ya kompyuta inadhani umeme unaoingia ni volti 5 kamili. Lakini chaja ya Mama Mwajuma inatoa volti 5.2. Basi kila kipande kimekuwa kikubwa kuliko kinavyodhaniwa. Ni kama kupima unga kwa kopo kubwa, huku unaandika daftarini kuwa ni kopo dogo. Unga utakuwa mwingi, lakini daftari litasema ni kidogo. Kompyuta ikihesabu vipande 179, kioo chake kinaonyesha digrii 37.4. Mama Mwajuma anaona mambo ni mazuri, anakwenda kulala. Kumbe sandukuni mna digrii 41!

Dawa yake ni kukipima kipimo chenyewe. Fundi wa mizani huweka juu ya mizani jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Sisi nasi tutafute joto linalojulikana. Tunahitaji majoto mawili.

La kwanza ni barafu. Vunjavunja barafu ya maji safi yasiyo na chumvi, ujaze kikombe, utie maji kidogo, ukoroge. Barafu inayoyeyuka hivyo ina digrii 0, iwe Mombasa au Mwanza. Funga kihisi kwa plastiki nyembamba ili maji yasiguse miguu yake, kisha ukitumbukize katikati ya kikombe. Subiri dakika 5. Soma namba ya vipande mara kumi, jumlisha, gawanya kwa kumi. Tuseme Mama Mwajuma amepata 98.

La pili ni maji ya vuguvugu ndani ya chupa ya chai. Tia humo kihisi pamoja na ncha ya kipima homa, kile cha kupimia wagonjwa. Koroga, subiri kipima homa kilie, kisha andika namba zote mbili papo hapo. Tuseme kipima homa kimesema digrii 38, na kompyuta imehesabu vipande 173.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tusitumie maji yanayochemka, ambayo tulifundishwa kuwa yana digrii 100? Ndugu, hiyo ni kweli pwani. Nairobi, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,600, maji huchemka kwenye digrii 94 au 95. Tena mayai yetu hayachemshwi. Ni vizuri kupima karibu na joto lile tunalolitaka.

Haya, tufanye hesabu. Toa 98 katika 173, zinabaki 75. Yaani vipande 75 ni sawa na digrii 38. Basi kanuni ya Mama Mwajuma ni hii:

Chukua vipande, toa 98, zidisha kwa 38, gawanya kwa 75.

Tujaribu na vipande 179. Toa 98, zinabaki 81. Zidisha kwa 38, unapata 3,078. Gawanya kwa 75, unapata 41 na kidogo. Sasa kipimo kinasema kweli. Kanuni hiyo iandikwe katika programu mahali pa ile ya zamani. Na chaja ikibadilishwa, kazi hii ianze upya.

Likumbukeni jambo hili. Namba inayong'aa kwenye kioo haiwi kweli kwa sababu inang'aa. Huwa kweli ikiisha kulinganishwa na kitu tunachokijua.

MASWALI
1. Kompyuta ya Mama Mwajuma imehesabu vipande 172. Joto ni digrii ngapi? Taa iachwe kama ilivyo?
2. Imehesabu vipande 180. Je, mayai yamo salama?
3. Kwa nini barafu isitiwe chumvi?

Jibuni kwanza kila mtu peke yake, kisha mlinganishe majibu. Kwaherini mpaka somo lijalo.