Viza ya Masomo na Mali Isiyoandikwa

Maombi ya viza ya masomo, yaani kibali kinachomruhusu mwanafunzi kuingia nchi ya kigeni na kukaa humo kwa muda wa masomo yake, huchukuliwa na wengi kuwa mtihani wa akili na wa Kiingereza, ilhali kijana wa kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, huwa amekwisha kupimwa mambo hayo na chuo kilichompokea, na sehemu kubwa ya kinachobaki kupimwa ni maandishi ya fedha za kwao.

Kwa kawaida Uingereza hutaka fedha za ada na za kujikimu ziwe zimekaa katika akaunti ya mwombaji au ya mzazi wake kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Ujerumani hutumia sana akaunti maalumu ambayo fedha za mwaka mzima hufungiwa humo; kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, na mwanafunzi huchota euro 992 tu kwa mwezi.

Kanuni hizi zinamfaa mwenye mshahara. Kaya nyingi za Rungwe, wilaya ulimo mji wa Tukuyu, huishi kwa chai, ndizi, parachichi na maziwa, na ingawa majani ya chai hupimwa na kuandikwa kabla ya kufika kiwandani, mikungu ya ndizi huuzwa kwa fedha taslimu, na ng'ombe wa maziwa, ambaye ndiye akiba kubwa ya nyumba, hana taarifa ya benki. Ada inapohitajika ng'ombe huuzwa, ukoo huchanga, kikoba hukopesha, na jumla yake huingizwa benki kwa mkupuo, hivyo ofisa wa viza, ambaye huenda hajapata kuuona mgomba, huona akaunti iliyokuwa tupu kwa miezi mingi ikijaa ghafla, naye hushuku kwamba fedha hizo zimeazimwa ili zionyeshwe kisha zirudishwe. Shaka hiyo si ya bure, maana wapo wafanyao hivyo. Dosari yake ni kwamba mkulima mkweli na mdanganyifu huonekana sawasawa.

Majina nayo huleta taabu yake. Anayetegemea akaunti ya mzazi huthibitisha uzazi kwa cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, lakini baba aliyeandikwa humo kwa jina la ubatizo huenda akawa na jina la ukoo katika kitambulisho cha taifa, na hapo kiapo mbele ya wakili au hakimu huhitajika ili kueleza kwamba ni mtu mmoja.

Fomu hujazwa mtandaoni, ila alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, takriban kilomita 900 kutoka Tukuyu, na anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa pia kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa. Kwa kuwa yote haya huchukua muda, kusahihisha majina, kufungua akaunti na kupitisha humo malipo ya maziwa na parachichi ni kazi ya kidato cha tano, wakati chuo bado hakijachaguliwa, na wakala wa viza anayeahidi kuikamilisha ndani ya wiki moja anastahili kuulizwa historia ya akaunti ataitoa wapi.