Bustani ya Karani

Mabwana na ndugu zetu, mshahara wetu huisha kabla ya mwezi kwisha, nasi twanunua mchicha sokoni hali ua wetu umejaa magugu. Katika pwani yetu, Tanga hata Dar es Salaam, ardhi haina likizo. Masika, Machi hata Mei, tupande mchicha na kunde juu ya matuta, maji yasiozeshe mizizi. Kipupwe, Juni hata Agosti, mvua imepungua: ndiyo zamu ya nyanya. Vuli, Oktoba hata Desemba, tupande bamia na muhogo. Kiangazi, Januari na Februari, tufunike udongo kwa majani makavu, tumwagilie jioni. Jembe halimshushi karani cheo. Deni la dukani ndilo limshushalo.