MZEE AKIPOTEWA NA AKILI, DOLE GUMBA LAKE NI LA NANI?

(Maneno ya mwandishi wa kujitegemea kwa wakazi wa Majengo, Sumbawanga)

 

Mimi si mwanasheria, niliishia sekondari. Lakini haya yanatuhusu sote.

Mama kapigwa na kiharusi. Hajui leo Jumatatu au Ijumaa. Ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, kaka mkubwa anapewa madaraka yote. Wiki ya pili kiwanja kimepata mnunuzi! Mama anashikwa mkono, dole linapakwa wino, linagandamizwa kwenye karatasi. Mashahidi wanakunywa soda.

Ndugu wananchi, Sheria ya Mikataba inataka anayeuza awe na akili timamu wakati anapouza. Kama hana, mauzo hayo ni batili. Wewe mnunuzi unayechekelea bei rahisi, umenunua kesi.

Wajanja watasema: "Nina hati ya uwakilishi, Baba alinisainia mwenyewe." Sawa. Lakini uwakilishi huo unakufa akili ya aliyeutoa inapopotea. Yaani unakufa pale pale unapohitajika! Wagonga mihuri hawana haraka ya kutuambia hilo.

Njia ipo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inawaruhusu ndugu kwenda mahakamani. Hali ya mgonjwa inachunguzwa, ndipo mahakama inateua msimamizi wa mali yake. Huyo anaweza kudaiwa hesabu, na hapo ndipo wengi wanapoingia mitini. Muhtasari wa ukoo ni ushahidi tu, si amri ya mahakama.

Msiogope Kiingereza, tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ukiombwa "hela ya kalamu", dai risiti.

Lakini nani aamue mama apasuliwe, au akaishi kwa nani? Hapa sheria yetu imehangaikia mali kuliko mwili. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka mtu asaidiwe kuamua, si kunyang'anywa uamuzi. Basi mama aulizwe kwanza, hata kama anajibu kwa kubana mkono wa binti anayemwogesha.

Na binti huyo, anayebadilisha mashuka usiku wa manane, mbona hakuitwa kwenye kikao cha ukoo? Mimi ningeanza na yeye.

Karibuni maswali.