Kushuka Salama Kunaanzia Mbali

Ndege ya abiria itokayo Kinshasa kwenda Lubumbashi hupita anga la Lualaba, si mbali na Kolwezi na Lubudi, ikiwa kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, na muda mfupi baadaye huanza kushuka, kwani kwa kawaida kila mita 300 za kimo huhitaji takriban kilomita 5.5 za safari, yaani jumla ya kilomita 160 hivi hadi kimo cha uwanja wa ndege wenyewe. Mwongoza ndege anayesimamia njia za juu humkabidhi rubani kwa mwenzake apangaye foleni ya ndege zinazoukaribia uwanja, ambaye naye humkabidhi kwa mnara wenye mamlaka ya kuruhusu kutua. Rubani hupewa pia kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa wa mahali pale, ili arekebishe altimita, chombo kipimacho kimo, kwa kuwa uwanja wa Luano, ulioko Lubumbashi, uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na kosa dogo laweza kugharimu maisha. Kwa hiyo serikali na RVA, shirika la umma linalosimamia anga la Kongo, hazina budi kutunza redio, vipimo vya hali ya hewa na mafunzo ya waongozaji.