KODI YA BIA IKIPUNGUZWA, NANI HUPATA FAIDA?

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo nimepewa kazi ya kusema juu ya barua iliyofika katika ofisi ya tawi letu. Barua hiyo imetoka kwa wenye baa wa mji huu. Wanataka chama chetu kitie sahihi pamoja nao, tuiombe Serikali ipunguze kodi ya bia. Wanasema hivi: kodi ikishuka, bei itashuka, na mfanyi kazi atakunywa chupa yake bila kuumia. Maneno haya ni matamu. Wengine wenu mmenikuta njiani mkaniambia, "Katibu, tia sahihi upesi." Nami nasema, ngojeni kidogo, tupige hesabu kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sikuja hapa kuwahubiri juu ya ulevi. Wako kati yetu wasioonja pombe maisha yao yote, na wako wanaopita baa kila Jumamosi. Wote ni wanachama. Neno langu ni moja tu: shilingi ambayo Serikali inaiacha, je, hufika mfukoni mwa mnywaji, au hukaa njiani?

NJIA YA SHILINGI

Kodi ya bia hamwilipi ninyi kwa mkono wenu. Kiwanda ndicho kinacholipa, bia inapotoka kiwandani. Kiwanda huitia kodi hiyo katika bei yake. Muuzaji wa jumla huongeza chake. Mwenye baa naye huongeza chake, kwa maana ana kodi ya nyumba, ana stima, ana leseni, na ana wahudumu wa kulipwa. Ndipo chupa ifike mezani.

Basi kodi ikipandishwa, wote watatu husema, "Si sisi, ni Serikali," na bei hupanda upesi, pengine hata kwa chupa zilizokuwa ghalani tangu zamani. Lakini kodi ikishushwa, jambo hilo peke yake halimlazimishi mtu ye yote katika watatu hawa kushusha bei. Kila mmoja humtazama mwenziwe aone kama yeye ataanza.

HESABU ZA HAPA KWETU

Mnakumbuka mwaka wa 2020, wakati wa Korona. Tarehe 1 Aprili Serikali ilipunguza VAT kutoka 16 kwa mia hadi 14 kwa mia, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Baa zilifungwa miezi mingi ya mwaka ule, lakini hesabu ni ile ile. Chukueni kitu kinachouzwa shilingi 200. Punguzo lile lilikuwa shilingi 3 na senti 45. Bei ya haki ingekuwa shilingi 196 na senti 55. Nani amewahi kuona bei kama hiyo ukutani mwa baa? Bei za baa huenda kwa shilingi kumi kumi. Punguzo dogo halina sarafu ya kulibeba, kwa hiyo hubaki kwa muuzaji.

Sasa tazameni jambo kubwa zaidi. Kabla ya mwisho wa mwaka 2024, kodi ya bia ilikuwa shilingi 142 na senti 44 kwa lita moja, bia iwe kali au isiwe kali. Chupa ya nusu lita ililipa shilingi 71 na senti 22. Mwezi wa Desemba 2024 sheria ilibadilishwa. Kodi ikawa inahesabiwa kwa kileo kilichomo, shilingi 22 na nusu kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha 4.2 kwa mia ina sentilita 2.1 za kileo. Kodi yake ikawa shilingi 47 na senti 25. Yaani ilishuka karibu shilingi 24, na ukitia VAT iliyokuwa juu yake, ni karibu shilingi 28 kwa chupa. Bia kali ya 6.5 kwa mia haikupata nafuu hiyo. Kodi yake ilipanda kidogo, ikawa shilingi 73 na senti 12.

Sasa nauliza, na jibu mnalo ninyi mnaolipa. Katika baa yako, chupa ile nyepesi ilishuka shilingi 28 mwaka ule wa 2025 ulipoanza? Kama ilishuka, mwenye baa wako ni mtu wa haki, mshukuru. Kama haikushuka, basi umekwisha jua barua hii ina thamani gani.

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Tusidhani jambo hili ni la Kenya peke yake. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilipunguza kodi ya bia kwa peni moja kwa painti. Lilikuwa punguzo la kwanza tangu mwaka 1959, na magazeti yakaliandika kwa herufi kubwa. Lakini painti katika baa za kule ilikuwa imefika kama pauni tatu. Peni moja katika peni mia tatu ni nini? Walipunguza tena 2014 na 2015, na bei ya painti katika baa iliendelea kupanda. Wenye baa walisema kodi ya nyumba na gharama nyingine zimepanda, na huenda walisema kweli. Lakini mnywaji hakuiona ile peni.

Sasa sikilizeni habari ya Finland, kwa maana nisingependa kuwaambia nusu ya ukweli. Tarehe 1 Machi 2004 nchi ile ilipunguza kodi ya pombe kwa theluthi moja hivi kwa wastani. Iliogopa kwamba jirani yake Estonia, akiingia katika Umoja wa Ulaya mwezi wa Mei, watu watavuka bahari kununua pombe ya rahisi. Hapo bei za madukani zilishuka kweli, na pombe kali ilishuka zaidi. Lakini katika baa na hoteli bei hazikushuka sana. Punguzo ni lile lile, siku ni ile ile, lakini duka lilishusha na baa ikakaa. Kwa nini? Kwa sababu dukani kodi ni sehemu kubwa ya bei, na katika baa sehemu kubwa ni kiti, muziki na mhudumu.

Na pale bei ziliposhuka, watu walikunywa zaidi na vifo vya pombe vikaongezeka. Mwaka 2008 Serikali ile ikapandisha kodi tena. Hilo nalo tuliweke katika mizani.

PIPA LA SENATOR

Mtu mmoja ataniuliza, "Katibu, je, Senator Keg? Ile haikuwa rahisi kwa sababu ya kodi?" Ni kweli, na mfano huu ni mzuri kwetu. Bia ile ilianza mwaka 2004. Serikali iliisamehe kodi ili watu waache chang'aa, na kikombe chake kikauzwa bei ya chini sana kuliko chupa. Hapo nafuu ilimfikia mtu wa chini.

Lakini tazameni ilifikaje. Kwanza, nafuu ilikuwa kubwa, si senti. Pili, ilikuwa na masharti: sheria yetu hutoa msamaha huo kwa bia iliyotengenezwa kwa mtama, wimbi, muhogo au mazao mengine ya Kenya, isipokuwa shayiri. Tatu, mshindani wa bia ile alikuwa chang'aa, ambayo hailipi kodi yo yote. Kiwanda kisingeweza kupandisha bei na kubaki na wanywaji.

Mwaka 2013 Serikali ilikata msamaha ule kwa nusu. Bei ya kikombe ikapanda mara moja, mauzo yakaanguka vibaya, na wakulima wa mtama wakakosa soko. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa huko Embu, Kiambu na sehemu nyingine kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli. Sisemi kodi ndiyo iliyowaua. Waliowaua ni wale waliowauzia sumu. Lakini mwaka 2015 Serikali ilirudisha sehemu kubwa ya msamaha. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema kodi haina nguvu juu ya bei, msimwamini. Ina nguvu. Ila kupanda hupanda yenyewe, na kushuka hutaka kushurutishwa.

NENO LANGU KWA MKUTANO

Ndugu zangu, shilingi ikitoka katika kodi haipotei. Ilikuwa ya Serikali, na Serikali ni dawa za hospitali na madarasa ya watoto wetu. Ikitoka huko bila kufika kwetu, mfanyi kazi amepata hasara mara mbili. Na wako wenzetu wahudumu wa baa waliokaa pale nyuma, wanaosimama mpaka usiku wa manane. Hakuna aliyewaandikia barua kuwaambia kwamba faida ikibaki kwa tajiri, wao watapata sehemu. Mshahara haupandi kwa huruma. Hupanda kwa mapatano yaliyotiwa sahihi.

Kwa hiyo Kamati inawaomba mkubali jibu hili kwa wenye baa. Tutatia sahihi kwa masharti matatu.

1. Barua iseme wazi ni shilingi ngapi zitatoka katika bei ya chupa, na ziwe kumi au zaidi, si senti.

2. Kila baa ibandike ukutani bei ya zamani na bei mpya pamoja na tarehe, kila mtu aone.

3. Wenye baa wakubali kukaa na chama chetu kuzungumza mishahara ya wahudumu kabla ya barua kwenda Nairobi.

Wakikubali, mimi mwenyewe nitaipeleka barua. Wakikataa, tutajua walitaka sahihi zetu tu, wala hawakuwa na nia ya kushusha bei. Katika wakati huu Kamati itachagua wanachama wawili, mmoja mnywaji na mmoja asiyekunywa, waandike katika daftari bei za baa tano kila mwisho wa mwezi. Siku nyingine barua kama hii ikija, hatutakisia, tutafungua daftari.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Naomba uwaulize wanachama wainue mikono.

Umoja ni nguvu.