Kujenga Hotirodi ya Kwanza

Jioni hii nitazungumza nanyi juu ya motakaa za namna ya peke yake zilizozaliwa Marekani, nazo huitwa hotirodi. Hotirodi ni motakaa kuukuu iliyofanywa upya na mwenyewe: huondolewa vitu vizito, hushushwa karibu na ardhi, na hutiwa injini yenye nguvu zaidi, ipate kwenda mbio.

Vijana wa California ndio walioieneza kazi hii. Katika miaka iliyotangulia vita vya 1939 walizipeleka motakaa zao Muroc, mahali palipokuwa na ziwa lililokauka, udongo wake tambarare na mgumu kama sakafu. Huko walipimwa mwendo wao kwa saa. Mwaka 1937 waliunda chama cha kuyaongoza mashindano hayo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi walirudi kutoka jeshini, na baadhi yao walikuwa wamejifunza ufundi wa mitambo. Kazi ikazidi kuenea, hata Januari 1948 likatokea gazeti lake, jina lake Hot Rod.

Motakaa waliyoipenda ilikuwa Ford. Model A, ya miaka 1928 mpaka 1931, ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, nayo ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 40. Mwaka 1932 Ford alitoa injini ya V8, yenye silinda nane na nguvu za farasi 65. Basi vijana wakaona ya kwamba, bodi ile nyepesi ikipewa injini hii, mwendo utaongezeka sana. Hata leo wengi waanzao kazi hii hufuata njia iyo hiyo.

Sasa, mtu atakaye kujenga hotirodi yake ya kwanza aanzie wapi? Wengi huanza kwa kufungua nati. Kwa siku mbili tatu motakaa yote hulala chini vipande vipande, naye mwenyewe hufurahi akidhani kazi imekwenda mbele. Lakini kubomoa hakuhitaji shauri, na kujenga kwahitaji. Fedha zikiisha, vipande hupotea, kutu huingia, na mwisho vyuma huuzwa kwa bei ya bure. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi hii ni daftari na kalamu.

Katika daftari andika kwanza motakaa hii ni ya kazi gani: kwenda safari njiani, au kushindana mahali palipowekwa kwa mashindano? Jibu la swali hilo ndilo litakalochagua injini, magurudumu na breki. Kisha andika kila kitu kitakachonunuliwa na bei yake, hata bolti na waya za taa, maana vitu vidogo vidogo ndivyo vimalizavyo mfuko.

Pili, kabla ya kulipa, tazama hati za motakaa. Namba iliyopigwa katika chuma na namba iliyoandikwa katika hati sharti zipatane. Zisipopatana, waweza kujenga mwaka mzima, kisha ukanyimwa ruhusa ya kuiendesha.

Tatu, pima chasisi, yaani kile kiunzi cha chuma kibebacho injini na bodi. Hapa ninyi wanafunzi mtaona faida ya hesabu za darasani. Pima kutoka pembe ya mbele ya kushoto mpaka pembe ya nyuma ya kulia. Kisha pima kutoka mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Vipimo viwili vikiwa sawa, ni dalili njema. Vikitofautiana, chasisi imepinda upande, na yapasa inyoshwe kabla ya kufungiwa kitu cho chote juu yake.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tengeneza breki kwanza, ndipo uongeze nguvu ya injini. Model A na Ford za mwaka 1932 zilikuwa na breki zivutwazo kwa fimbo za chuma. Ford za mwaka 1939 zilipewa breki za mafuta, na wajenzi wengi wakazitwaa breki hizo na kuzitia katika motakaa za zamani. Walikuwa na sababu. Motakaa iendayo maili 60 kwa saa haihitaji mara mbili tu ya nafasi ya kusimamia kuliko iendayo maili 30. Breki zikiwa zile zile, yahitaji mara nne. Basi mtu aliyeongeza mwendo asiongeze breki amejiandalia msiba, yeye na wapitao njiani.

Tano, isimamishe motakaa nzima kabla ya kuipaka rangi. Weka injini, giaboksi, usukani, bodi na magurudumu mahali pake. Keti ndani uone kama mguu wafikia breki na kama usukani wazunguka bila kugusa kitu. Hapo kosa hurekebishwa kwa jasho kidogo. Ukiisha kuridhika, ndipo ufungue tena, upake rangi, na kuunga kwa mara ya mwisho. Kila kipande ukifunguacho kitie alama, na nati zake ziweke pamoja nacho katika kopo moja.

Na kama hujui kuchomelea chuma, mpe fundi ajuaye akuchomelee ekseli na sehemu za usukani. Si aibu kuomba msaada. Kiungo kikikatika katika mwendo, hapana nafasi ya kujifunza tena.

Anayefuata taratibu hiyo atakawia kuisikia injini yake ikinguruma. Lakini siku atakapoitoa nje, itakwenda, na itakapompasa kusimama, itasimama.